Kanda Iliyomezwa: Voi hadi Kyebando na Kurudi

Mmeniuliza kwa kinyozi, mmeniuliza nje ya kanisa, na mmoja wenu (Mwakio, najua utakana) aliniuliza nikiwa kwa daktari wa meno na mdomo wazi. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika mara moja, someni kwa zamu, kisha mniache nioke mikate yangu.

Chanzo mnakijua kwa sababu mlikuwepo. Ilikuwa Jumamosi, mmejaa sebuleni kwangu mkila mahamri yangu bila haya, na kama kawaida yenu mkaanza kuililia zamani. Mwakio akasema muziki wa siku hizi hauna roho. Mwalimu Zuhura akasema watoto wa leo hawajui kuungoja wimbo. Nyote mna simu zenye nyimbo zisizoisha, na nyote mlikuwa karibu kutoa machozi kwa ajili ya kalamu ya risasi tuliyozungushia kanda zilizolegea. Nami, badala ya kunyamaza, nikaenda kabatini nikaitoa kanda ya Perpetua.

Hadithi yake nimewasimulia mara nyingi mno, lakini nairudia kwa faida ya Mwakio ambaye husinzia. Miaka ile baada ya vita, Kampala ilipokuwa inajipangusa vumbi na kutafuta mkate, mimi kijana wa Voi nilikuwa nakanda unga kwenye tanuri moja karibu na soko la Nakivubo. Nilipanga chumba Kyebando. Perpetua alikuwa mwimbaji wa kwaya kule Lubaga. Nilikaa wiki mbili nikiandika orodha ya nyimbo ishirini, nikaipeleka kwa mrekodi wa Nakivubo, akanitengenezea kanda yenye kadi aliyoichora maua ya zambarau, imeandikwa KWA P. Nilimkabidhi Perpetua kwenye ngazi za kanisani, mchana wa jua kali, nimevaa koti zito kwa heshima ya tukio. Wiki iliyofuata akanikubali. Kanda hiyo ndiyo iliyonioza, na kwa miaka thelathini na ushei sijawaficha kwamba nilizichagua nyimbo zile kwa akili na ladha isiyo ya kawaida.

Basi nikaiweka redioni, redio ikaimeza. Mliniambia nisivute. Nikavuta. Utepe ukatoka kama utumbo wa mbuzi, ukakatika mara tatu.

Nyinyi mlimaliza mahamri mkaenda zenu. Mimi nilibaki na Perpetua, ambaye hakugomba. Alizoa mabaki yote akayatia kwenye mfuko wa unga, na kwa siku nne alizungumza nami juu ya gesi na maji tu. Siku ya tano nikamwuliza kama kweli ananikasirikia kwa sababu ya kipande cha plastiki.

"Mimi nilikuwa naisikiliza, Baba Neema," akasema. "Wewe ulikuwa unaionyesha."

Sikuona tofauti. Lakini niliona uso wake, na sijawahi kuuona hivyo tangu tulipomzika mama yake. Nikaogopa. Nikasema kwa sauti, ili nisipate njia ya kurudi nyuma, kwamba nitakwenda Kampala, nitamtafuta yule mrekodi na nitaileta kanda ile ile. Perpetua akasema, "Ile ile?" Nikasema ile ile.

Voi hadi Nairobi: binti yangu ananiokoa bila kuombwa

Treni ilinifikisha Nairobi salama, pamoja na gamba la plastiki la kanda na kadi yake nilivyovitoa kwenye mfuko wa unga, nikalala kwa Neema. Binti yangu akasoma kadi ya maua, akanitajisha nyimbo moja moja, akachukua simu, na kabla chai haijapoa akawa amezipata nyimbo zote ishirini.

"Hizi hapa, baba. Safi kabisa. Hata ile shhh haipo."

"Hiyo shhh ni ya mama yako," nikamwambia.

Akanitazama kama mtu anayepima kama ni mapema mno kunitafutia wa kunitunza. Nilikataa simu yake kwa maneno makali, na sasa nakiri kwamba sikuwa na sababu ya maana. Nilikataa kwa sababu ninyi mngecheka.

Nairobi hadi Malaba: maua yasiyonihusu

Basi liliondoka asubuhi, likaharibika Burnt Forest. Kondakta alitutangazia kwamba ni jambo dogo, nusu saa tu, na akatangaza hivyo hivyo mara tano. Kule kuna baridi ya kuingia mpaka kwenye meno. Tulisimama kando ya barabara tukila viazi vya kuchemsha na chumvi, na jirani yangu wa kiti akanifunika nusu ya kitenge chake. Huyu alikuwa Maama Betty, mfanyabiashara wa vitenge, mwenyeji wa Lubaga, mwanamke mwenye sauti ya kuuza hata anapoomba nafasi ya kupita.

Nilimwonyesha gamba la kanda na kadi yake. Kwani ningefanyaje? Nilikuwa nimelibeba mfukoni, na mtu mwenye kanda mfukoni hawezi kunyamaza.

"Banange!" akasema. "Hii maua mimi najua. Nilikuwa na yangu. Maua hii hii, zambarau hii hii. Bwana moja alinipa, alikuwa nauza baiskeli."

Nikamwambia kwa upole kwamba maua ya zambarau yako mengi duniani.

"Wimbo ya kwanza ni ile ya mwanaume nalia kwa mlango?"

Ilikuwa hiyo. Nikasema wimbo ule ulipendwa na wengi.

"Ya pili ni ile ya Zaire, gitaa nazunguka-zunguka?"

Nikamwambia viazi vyake vinapoa. Fundi alipomaliza tulipanda bila kuendeleza mazungumzo hayo. Maama Betty akawa anaimba polepole dirishani, wimbo baada ya wimbo, kwa mpangilio wangu mwenyewe. Nikajifanya nimelala hadi Eldoret. Tulifika Malaba jua limeshuka, tukalala huko.

Malaba: mke wangu anafariki

Asubuhi, upande wa Uganda, afisa mmoja mrefu mwenye nywele nyeupe alifungua begi langu akatoa gamba lile. Kiswahili chake kilionyesha kwamba alikuwa askari wa kambini tangu zamani.

"Mzee, hii ni nini?"

"Kanda, afande."

"Kanda naona. Ya nani?"

"Ya mke wangu. Iliharibika. Nakwenda kumtafuta aliyeirekodi."

Alilishika gamba kwa mikono miwili. Nyuma yangu walikuwepo watu arobaini wenye haraka. Yeye akaanza kunisimulia kanda yake iliyopotea wakati kikosi chao kinahamishwa, kanda aliyopewa na mke wake, ambaye sasa ni marehemu. Akamwita mwenzake aje aione. Mwenzake naye alikuwa na kanda yake. Msidhani ugonjwa huu ni wenu peke yenu hapo Voi. Kila mtu mwenye mvi kwenye barabara hii ana kanda aliyopoteza, na anangoja mjinga mmoja apite na gamba ili amweleze.

"Pole sana kwa mama," akasema mwishowe, akanishika bega. "Ulizika yeye lini?"

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Nikaona foleni. Nikaona dereva anavyopiga honi. Nikaona pia kwamba afisa alikuwa tayari amefunga begi langu bila kugusa kitu kingine.

"Kidonda bado ni kibichi, afande," nikasema.

Alinisindikiza mwenyewe hadi mlangoni mwa basi, akawaambia abiria wanichunge kwa sababu nimefiwa. Maama Betty, niliyemwambia jana kwamba Perpetua amenuna, alinitazama kwa jicho ambalo nisingependa mlione.

Malaba hadi Kampala: kuku wa matanga

Hivyo niliingia Uganda nikiwa mgane. Abiria walininyamazia kwa huruma. Dereva alizima redio. Tulipovuka daraja la Jinja mama mmoja mlokole alisimama akaniombea, nami niliitikia amina, ningefanya nini. Tulipofika Namawojjolo, ambako wachuuzi hukimbilia madirisha na vijiti vya kuku wa kuchoma na ndizi za gonja, nilinunuliwa kuku na watu watatu tofauti.

"Kula," akasema Maama Betty kwa sauti ya chini. "Kula matanga ya bibi yako aliye hai."

Nikala. Kuku alikuwa mtamu sana na nikajichukia kila nikimeza. Perpetua hajui sehemu hii, na nyinyi mtaendelea kumwacha asijue.

Nakivubo na Kyebando: Ssalongo

Nakivubo niliyoiacha ilikuwa na kuta zenye matundu ya risasi na watu wanaouza chochote kilichosalia. Niliyoikuta ina watu wale wale mara kumi na viatu vya kutosha kulivisha taifa lenye miguu minne. Pale palipokuwa na kibanda cha mrekodi pana ngazi ya duka la viatu. Nilimwuliza mwanamke aliyekuwa akipanga sandali kama anamjua Ssalongo, jina la heshima la baba wa mapacha, aliyekuwa akirekodi kanda.

"Huku Ssalongo ni mingi, ssebo," akasema. "Ile ya kanda, ile nasema sana?"

"Huyo huyo."

"Alienda Kyebando. Nyuma ya mashine ya kusaga."

Nilicheka peke yangu kwenye bodaboda. Mashine ya kusaga ya Kyebando ilikuwa hatua chache kutoka kwenye chumba changu cha zamani. Chumba chenyewe bado kipo, kimepakwa rangi, na mtu wa sasa ameanika soksi pale nilipokuwa naanika betri juani ili zipate nguvu ya siku moja zaidi. Umeme wa wakati ule ulikuja na kuondoka ulivyotaka. Tulizoea kuacha redio imechomekwa, vitufe viwili vya kurekodi vimebonyezwa, tukingoja umeme urudi ili tusikose kipindi. Ukirudi tukiwa kazini, redio ilirekodi hata panya.

Ssalongo nilimkuta barazani, amenenepa, miwani juu ya kichwa. Alinitambua kabla sijajitaja.

"Ile Mkenya ya mikate! Mikate yenu ilikuwa ngumu, banange. Lakini karibu, karibu."

Nikampa gamba na kadi. Hakuivaa hata miwani.

"Namba Nne," akasema.

"Namba nne ya nini?"

"Mimi nilikuwa na kanda nne tu, ssebo. Moja ya askari. Mbili ya harusi. Tatu ya dereva. Nne ya watu ya mapenzi. Mtu nakuja na macho kama ile yako, napa yeye Nne."

Nikamwambia hapana, yangu ilikuwa ya pekee. Niliandika orodha. Nyimbo ishirini, wiki mbili nzima, nilikuwa nafuta na kuandika upya usiku na mchana.

"Kalatasi zenu zilikuwa mingi," akasema bila ubaya. "Bibi yangu alikuwa nafungia kalanga. Wewe ungesoma ile mlikuwa naandika! Mwanaume napenda msichana, halafu naandika nyimbo ya treni, nyimbo ya ng'ombe, nyimbo ya jela. Nyinyi Wakenya na nyimbo za ng'ombe! Mimi nilikuwa nasaidia."

"Na hukuona hata mmoja aliyelalamika?"

"Nani? Nyote mlioa."

Niliumia, na siwafichi. Nilikaa kwenye benchi la barazani nikiwakumbuka nyote sebuleni kwangu, na mimi nimesimama mbele yenu kila mwaka nikieleza kwa nini wimbo wa tatu ulipaswa kufuata wa pili. Nusu ya ndoa za mji ule zilichaguliwa na mtu mmoja mwenye kanda nne na mke muuza karanga. Hata hizo nyimbo nilizoandika sizikumbuki tena. Nimeshika zake nikazifanya zangu.

Ssalongo hakuona kwamba ameniua. Alikuwa akipekua gamba langu, akaligeuza mgongo.

"Nani ameziba hapa?"

Mnakumbuka vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, vikivunjwa kanda haiwezi kurekodiwa tena juu yake. Ssalongo alivunja vijino vya kila kanda iliyotoka mkononi mwake. Kwenye yangu matundu yalikuwa yamejazwa karatasi ngumu, ya kufungia mikate.

"Mtu naziba, nataka kuweka kitu juu," akasema.

"Labda uchafu," nikasema. Sikuwa na moyo wa mafumbo mengine siku hiyo.

Alikuwa bado na Namba Nne ya asili, kwenye kopo la maziwa ya watoto, na redio ya vinywa viwili iliyofungwa na mpira. Kunakili hakuharakishwi, nyimbo ishirini zinataka muda wa nyimbo ishirini. Mke wake, yule wa karanga, alituletea katogo ya matoke na utumbo, nikala nikimtazama kwa chuki ambayo hakustahili. Ssalongo aliimba wimbo wote wa sita macho yakiwa yamefumba. Mwishoni akavunja vijino, akachukua kalamu ya zambarau, akachora maua yale yale na KWA P.

Voi: upande wa pili hadi mwisho

Sikumwambia Perpetua habari za Namba Nne. Nilijiambia namlinda. Nilifika, nikaoga, nikamketisha, nikaiweka kanda kwa madaha. Alisikiliza upande wa kwanza wote mikono imepumzika mapajani, na midomo yake ikafuata maneno. Nikaona nimesamehewa. Wimbo wa mwisho wa upande wa pili ulipoisha nikainuka kama kawaida yangu, nizime redio na nieleze nilivyouchagua ule wa mwisho.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Redio ikawa inasema shhh. Perpetua aliinama kuielekea, akangoja. Akangoja hadi utepe ukaisha na kitufe kikaruka chenyewe.

"Haipo," akasema.

"Nini haipo?"

"Wewe."

Sikuelewa, ikabidi anieleze. Kwenye kanda yake, baada ya wimbo wa mwisho, palikuwa na mkato, kisha sauti ya jogoo, kisha mwanaume mmoja akizungumza peke yake huku anapiga pasi. Hapo nikakumbuka. Nilikuwa nimeziba vile vijino kwa karatasi ya mkate ili niongeze maneno yangu mwenyewe mwishoni. Nikabonyeza vitufe viwili, umeme ukaondoka kabla sijasema neno, nikaghairi kwa aibu nikalala. Asubuhi nilikuwa napiga pasi ya makaa, najifundisha la kumwambia. Umeme ulirudi bila kunijulisha. Kanda ilipojisimamisha nikaichomoa, nikampelekea bila kuijaribu.

"Uliomba ruhusa ya kunioa mara saba," akasema Perpetua. "Mara ya kwanza kwa Kiingereza. Mara ya tano ukaanza kulia kidogo, ukajitukana. Mara ya saba ukaunguza shati. Ndiyo maana ulikuja na koti kwa jua ile."

"Niliambiwa ni kanda iliyokufanya ukubali," nikasema, kana kwamba si mimi niliyeyasema hayo kwa mji mzima.

"Namba Nne?" Alicheka kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi. "Baba Neema, Namba Nne nilikuwa nayo mbili kabla yako. Moja ya mwalimu wa kwaya, moja ya bwana wa benki. Kila msichana wa Lubaga alikuwa nayo. Yako ndiyo ilikuwa na mtu ndani."

Miaka yote hii, nikitoka kwenda kuoka kabla ya mapambazuko, alikuwa akiuchezesha mwisho ule peke yake. Mimi sikuusikia hata siku moja, kwa sababu kila mara wimbo wa mwisho ulipoisha niliinuka kuizima redio ili nijisifu. Nililia mbele yake. Andikeni hilo mkitaka.

Kesho yake nilijaribu kulipa. Nilichana karatasi ya mkate, nikaziba matundu, nikabonyeza vitufe, nikawasha pasi, nikamwomba Perpetua akubali kuolewa nami upya kwa maneno mazuri niliyoyafikiria usiku kucha. Alisikiliza hadi mwisho.

"Huyu anajua anasikilizwa," akasema, akainuka kwenda kuchambua mchele.

Tangu hapo tunazungumza mambo yote, si gesi na maji tu. Lakini ameihamisha redio. Iko juu ya kabati la sebuleni, kanda ndani, vitufe viwili vimebonyezwa, na waya umepita ukutani hadi kwenye swichi ya jikoni kwake. Ataiwasha siku anayotaka yeye na hataniambia. Kwa hiyo mkija Jumamosi chungeni ndimi zenu. Mimi tangu nirudi nazungumza vizuri mno ndani ya nyumba hii. Hata nikitafuta soksi naitafuta kwa adabu, natamka kila neno, na kutoka jikoni namsikia Perpetua akisema, "Bado unajua."